Hariri ya Mti, Hariri ya Mafuta

Nilimuuliza Ami, mzee wetu fundi wa kushona, kama kitambaa nilichonunua ni hariri ya kweli. Hakunijibu kwa maneno. Alichomoa uzi mmoja penye pindo, akausokota kwa vidole viwili, akawasha kiberiti na kuusogeza motoni. Uzi haukuwaka. Ulijikunyata, ukarudi nyuma, kisha ukadondosha tone jeusi juu ya kifuniko cha kopo lake la vifungo. Alingoja likapoa, akalibonyeza kwa ukucha. Lilikuwa gumu kama ushanga.

"Mwanangu, hini si hariri," alisema. "Hini ni plastiki. Hariri ikiungua yanuka nywele."

Nilikuwa nimetoka kulipa shilingi 1,200 kwa mita, mita kumi na mbili, rangi ya zambarau, kwa ajili ya wasichana watakaokaa na mpwa wangu usiku wa kupamba, kwenye harusi yake. Muuzaji aliniapia kuwa ni silki safi. Namjua mtu huyo miaka mingi na siamini kwamba alikusudia kuniibia. Robota lilimfikia likiwa na jina hilo, naye akalipitisha kwangu na jina lake, kama mtu anavyopitisha habari aliyoisikia barazani. Mimi nikaipokea kwa sababu kitambaa kiling'aa na kuteleza mkononi. Siku hizi hapa mjini Mombasa chochote king'aacho na kuteleza huitwa silki, na hapo ndipo linapoanzia jambo ninalotaka kuliandika.

Kwa muda sasa nawasikia vijana wetu, hasa wasichana wa vyuoni na washonaji wanaoanza kazi, wakizungumzia vitambaa vya mimea vinavyoweza kuchukua nafasi ya hariri. Wengine wanawahurumia viwavi, wengine wanafikiria mito na misitu, wengine wanataka tu nguo nzuri ambayo dhamiri haitawasuta. Nawaunga mkono kwa moyo mmoja. Ila naona swali hapa kwetu limekaa upande. Wao wanapima mmea na mdudu, hali mwilini mwetu hamna mmea wala mdudu. Tumevaa mafuta ya petroli. Uzi wa poliesta ulibuniwa Uingereza mwaka 1941, unatokana na mafuta hayo, na leo zaidi ya nusu ya nyuzi zote zinazotengenezwa duniani kila mwaka ni za aina hiyo. Hariri ya kweli haifiki hata sehemu moja katika mia. Kwa hesabu hiyo peke yake, bibi harusi wa Majengo au Kisauni anayeambiwa amevaa hariri ana kila sababu ya kuomba kiberiti.

Si ubishi wa majina tu. Ni suala la ngozi. Wataalamu wa nguo hupima unyevu ambao uzi mkavu huunywa kutoka kwenye hewa ya kawaida, na vipimo vyao havina utata: pamba hunywa takriban asilimia 8 ya uzito wake, hariri 11, viskosi inayotokana na mti kama 13. Poliesta ni asilimia 0.4. Yaani hainywi kitu. Sasa mvishe mwanamke abaya ya poliesta mwezi wa Machi, kaskazi imekatika, hewa ya bandarini imesimama, na ndani ya ukumbi kuna watu mia nne. Jasho halina pa kwenda. Linakaa kati ya kitambaa na mgongo hadi arudi nyumbani. Tumezoea kusema "joto la Mombasa", na joto kweli lipo, lakini nusu ya mateso hayo tunayashona wenyewe kwa fundi.

Mji huu haukuwa hivi. Agosti 1505 majeshi ya Mreno Francisco de Almeida yalipoupora na kuuchoma, taarifa iliyoandikwa na mtu aliyekuwa pamoja nao ilitaja walichokuta majumbani: nguo za pamba kwa wingi mno, nguo za thamani za hariri na zari, na mazulia, moja likiwa zuri kiasi cha kupelekwa kwa mfalme wa Ureno. Miaka michache baadaye Mreno mwingine, Duarte Barbosa, naye aliwaeleza wanawake wa Mombasa kuwa wanavaa hariri na dhahabu tele. Na karibu karne mbili kabla yao, mwaka 1331, msafiri Ibn Battuta wa Morocco alipofika Mogadishu aliletewa mavazi ya mgeni wa heshima, na humo mlikuwa na kitambaa cha hariri cha kufunga kiunoni pamoja na kanzu ya kitani cha Misri. Tazama alivyovitaja kila kimoja kwa asili yake. Nguo ilikuwa na ukoo.

Ninachokipenda zaidi katika habari hizo za kale kinatoka kusini, Sofala, katika Msumbiji ya leo. Barbosa anasema wafumaji wa huko walikuwa wakinunua nguo za buluu zilizotoka Cambay, India, wakazifumua uzi kwa uzi, kisha wakazifuma upya pamoja na pamba yao nyeupe, kwa kuwa hawakuwa na rangi hiyo. Hebu fikiria kazi hiyo! Mtu anayeweza kuifumua nguo ya kigeni mpaka ikarudi kuwa uzi, hawezi kudanganywa kuhusu uzi.

Lugha yetu bado imebeba kumbukumbu ya ujuzi huo, ingawa sisi tumeuacha. Bibi zetu walikuwa na bafta, melimeli, doria, atilasi, mahameli, laasi, kaniki, merikani. Waliitofautisha kitani na katani: ya kwanza ni ile nguo laini na baridi, ya pili ni nyuzi za mkonge. Melimeli ilikuwa pamba nyembamba mno, na atilasi ilikuwa ile yenye uso unaong'aa. Mwanamke aliyetumwa dukani kununua doria akarudi na bafta alirudishwa. Leo maneno yote hayo yamemezwa na manne: pamba, jezi, shifoni, silki. Na neno linapokufa, jicho lililokuwa likilitumia hupofuka taratibu. Ndiyo maana nasema shida yetu kuu si uhaba wa vitambaa vya mimea. Tumepoteza uwezo wa kuvitambua vikiwa mbele yetu.

Turudi kwenye kiberiti cha Ami, maana kina elimu ndani yake. Hariri inanuka nywele kwa sababu ni jamaa wa nywele. Kiwavi hula majani ya mforosadi, akayageuza kuwa protini, akaitoa kinywani kwa uzi mmoja usiokatika, wenye urefu wa mamia ya mita, na kujizungushia nyumba. Pamba, kitani na nyuzi zote za miti ni selulosi, kitu kile kile kinachojenga karatasi, kwa hiyo zikiungua hunuka karatasi na kuacha jivu jepesi linalopeperuka kwa pumzi. Poliesta huyeyuka. Kwa hiyo hakuna "hariri ya mmea" kwa maana ya kweli ya neno hariri. Kuna nyuzi za mimea zinazofanana na hariri kwa mng'ao, kwa ulaini, kwa namna zinavyomwagika mwilini. Nalisema hili mapema ili tusiwatoe watu kwenye jina moja la uongo tukawaingiza kwenye jingine.

Ama huyo kiwavi, habari yake wengi hawaijui. Ili uzi utoke mzima, kifukofuko hutiwa katika maji ya moto au mvuke kabla nondo hajatoboa kutoka nje, na aliyemo ndani hufa. Maelfu ya vifukofuko huingia katika nguo moja. Sina haja ya kumtia mtu majonzi. Sisi ni watu wa kula kuku na samaki, na kila mmoja atapima mwenyewe. Ila kila nikipita Gede huwaza jambo moja. Pale kuna mradi wa Kipepeo, ulioanza mwaka 1993, ambako wakulima wanaopakana na msitu wa Arabuko Sokoke hufuga vipepeo na kulipwa kwa pupa walio hai, yaani viwavi waliokwisha kujifunga ndani ya ganda, wanaosafirishwa ng'ambo wakatoke vipepeo katika bustani za maonyesho. Pupa wakifa, hakuna malipo. Pwani hii hii basi inao watu wanaojipatia riziki kwa kumlinda jamaa wa mdudu yule ambaye biashara ya hariri kwa kawaida humuua.

Wazo la kupata hariri bila kiwavi si la jana. Mfaransa Hilaire de Chardonnet alisajili uvumbuzi wake mwaka 1884 na kuwaonyesha watu nguo zake katika maonyesho makubwa ya Paris mwaka 1889. Uzi wake ulitoka kwenye mmea, ukang'aa, ukasifiwa, na ulikuwa mwepesi kushika moto kiasi cha kutisha. Mwaka 1892 Waingereza watatu, Cross, Bevan na Beadle, wakapata njia nyingine: kuuyeyusha ubao kwa kemikali mpaka ukawa uji mzito, kisha kuusukuma kupitia vitundu vidogo utoke nyuzi. Hiyo ndiyo viskosi, ambayo huku kwetu tunaijua zaidi kama reyoni. Madera mengi mazuri yanayouzwa Biashara Street ni reyoni, na mvaaji huhisi tofauti bila kujua sababu: linanyonya jasho, linapoa, linaanguka vizuri.

Je, hiyo ndiyo suluhisho? Mmea upo, mng'ao upo, bei inavumilika. Natamani ningeweza kuitikia moja kwa moja. Lakini kemikali inayotumika kuuyeyusha ubao wa viskosi, kaboni disulfaidi, ni sumu ya mishipa ya fahamu. Tangu viwanda vya mwanzo wafanyakazi walioivuta waliugua maradhi ya akili, ganzi ya miguu na mikono, na magonjwa ya moyo. Kiwanda kinachoikamata hewa hiyo na kuirudisha kazini kinaweza kufanya kazi salama. Kinachoiachia iende angani na mtoni hudhuru kijiji kizima. Nguo mbili zinaweza kuning'inia bega kwa bega dukani, zote zimeandikwa viskosi, moja imetoka kwenye kiwanda cha kwanza na nyingine cha pili, na wewe mnunuzi huna njia ya kujua. Isitoshe, ubao wenyewe huenda umetoka katika shamba la miti iliyopandwa, au katika msitu wa asili uliofyekwa. Kwa hiyo neno "mmea" kwenye lebo halinitoshi hata kidogo. Nataka kujua mmea gani, na umepitishwa wapi hadi kuwa uzi.

Mfano wa mianzi ndio ulionifungua macho. Nguo za mianzi zilipovuma, watu walidhani wanavaa mwanzi, jinsi unavyovaa pamba. Ukweli ni kwamba nguo laini nyingi za mianzi ni viskosi ile ile, ila ubao umetolewa kwenye mwanzi, na kemikali ni zile zile. Marekani, mamlaka inayolinda wanunuzi imewafuatilia wauzaji kwa miaka kuhusu jina hilo. Mwaka 2013 maduka makubwa manne yalilipa jumla ya dola milioni 1.26, na mwaka 2022 Walmart na Kohl's zikalipa pamoja dola milioni 5.5, kwa kuita mianzi kitu ambacho sheria inataka kiitwe reyoni. Huko serikali iliona kwamba jina la kitambaa ni haki ya mnunuzi. Huku kwetu tunaambiwa "angalia mwenyewe dada, shika ujionee."

Iko njia safi zaidi. Layoseli, ambayo kampuni ya Lenzing ya Austria huiuza kwa jina la Tencel, hutokana mara nyingi na mkaratusi, na kiyeyushi chake hakina ile sumu. Tena zaidi ya asilimia 99 yake hukamatwa na kutumika upya. Ni laini, ina mng'ao wa chini chini kama wa lulu. Kenya tunayo mikaratusi tele, ila tunaigeuza nguzo za umeme na kuni. Na kuna kupro, ambayo naipenda kwa asili yake tu. Pamba ikishachambuliwa, mbegu hubaki na manyoya mafupi yasiyosokoteka. Manyoya hayo ndiyo huyeyushwa kwa shaba na amonia na kutoa uzi mwembamba mno, ambao Wajapani wa Asahi Kasei huuita Bemberg. Ukienda soko la Kongowea asubuhi marobota yanapofunguliwa, tafuta makoti ya zamani ya wanaume, geuza ndani, soma lebo ya bitana. Mara kwa mara utaikuta kupro. Nimewahi kukutana na koti lililochakaa mabega na mifuko imetoboka, bitana yake bado inateleza kama maji. Mtumba, kwa hakika, ndiko mahali pekee Mombasa ambako mnunuzi wa kawaida anaweza kusoma nguo imetengenezwa kwa nini, kwa sababu ilishonwa kwa ajili ya nchi zinazolazimisha lebo.

Hapa lazima niseme neno kuhusu wanaume, maana mjadala huu kwetu si wa mazingira peke yake. Hariri ni haramu kwa wanaume wa Kiislamu na halali kwa wanawake. Imepokewa kwa Umar bin Khattab kwamba Mtume (s.a.w.) alikataza kuivaa isipokuwa kadiri ya vidole viwili, vitatu au vinne. Mwenye kujua hilo akiutazama utepe wa taraza, lile pindo la hariri kwenye kikoi cha kale, huenda akahisi kwamba upana wake haukuwa urembo wa kubahatisha. Katika madhehebu ya Imam Shafi, yanayofuatwa na wengi wa pwani hii, kitambaa cha mchanganyiko huruhusiwa iwapo hariri haizidi kwa uzito. Watu wa Kutch na Gujarat, ambao jamaa zao tunao hapa tangu enzi na enzi, walifuma nguo iitwayo mashru: uso wake hariri, upande wa ngozi pamba. Jina lenyewe maana yake ni iliyoruhusiwa kisheria. Na leo hii mashru nyingi hufumwa kwa reyoni badala ya hariri. Wafumaji walishavuka kwenda kwenye mmea zamani, bila kongamano wala tangazo.

Ami alinionyesha debwani, nguo ya kale aliyoachiwa na babake, imekunjwa ndani ya gazeti, mistari myekundu na myeusi. Pembeni palikuwa pameliwa na nondo. Alivuta uzi mwekundu uliokwishakatika, akauchoma: harufu ya nywele, kali, ikajaa kile chumba. Akavuta mweupe wa chini yake: karatasi. "Waona," akasema, "wote wawili walikuwa mle." Kisha akaikunja upesi, kama aliyejutia kuitoa nje.

Wanavyuoni wengi wa zama hizi wamesema kinachokatazwa ni hariri ya mdudu, wala si kila kitambaa chenye mng'ao. Mimi si mwanachuoni. Mwenye shaka amuulize maalim wake, na suala la kujifakharisha ni jingine kabisa. Lakini kwa mtazamo wangu bwana harusi anayetaka kanzu inayometa kidogo ana mlango wa halali ulio wazi kwenye layoseli au pamba iliyofumwa vizuri. Inashangaza kwamba kanzu nyingi anazouziwa ni za poliesta, zinazomchemsha toka msikitini hadi kwa wakwe.

Tuna nini sisi wenyewe? Kila anayepita barabara ya Kilifi huyaona mashamba ya mkonge ya Vipingo, na karibu kila ninapozungumza jambo hili hutokea mtu akaniuliza kwa nini tusivae mkonge. Jibu ni kwamba nyuzi zake ni ngumu. Ni mali ya kamba, zulia, gunia na kiondo, na kwa hayo haina mshindani. Jani la mkonge hutoa nyuzi kama asilimia 4 tu ya uzito wake. Nawatahadharisha pia na hadithi ya Morocco, ambako watalii huuziwa "hariri ya mdungusi kakati", wakaambiwa imechunwa kwenye mmea wa jangwani, ilhali nyingi ya hizo ni viskosi. Nisingependa kuona kitu kama hicho kikiuzwa Ndia Kuu kwa jina la mkonge wetu. Makumbi ya nazi nayo tuyaachie kamba na magodoro.

Nanasi ni habari nyingine. Ufilipino, katika jimbo la Aklan, hufuma nguo kwa nyuzi za majani ya nanasi, nyembamba hata mkono wako huonekana upande wa pili, na ufundi huo uliingizwa katika orodha ya urithi ya UNESCO mwaka 2023. Namna wanavyofanya ndiyo iliyonikaa moyoni. Jani hulazwa juu ya ubao, likakwaruzwa kwa kigae cha sahani iliyovunjika mpaka nyuzi za juu zitoke. Kisha hukwaruzwa tena taratibu, safari hii kwa kifuu cha nazi, mpaka zijitokeze nyuzi za ndani zilizo laini. Nyuzi hizo huoshwa, huanikwa, na kuungwa mmoja kwa mmoja kwa fundo dogo lisiloonekana. Kifuu cha nazi! Magarini, upande wa Malindi, wana mananasi, na kila nyumba ya pwani ina kifuu. Sidanganyiki kwamba kesho Malindi itafuma nguo hiyo. Ni kazi ya vizazi, na nguo yenyewe ni ghali kwa sababu mikono inayoitengeneza ni mingi. Wa Myanmar, kwenye Ziwa Inle, hufuma kwa nyuzi za mabua ya yungiyungi, na mtandio mmoja hula maelfu ya mabua. Vitambaa hivi ni vya heshima. Havitamvisha kila mtu, na anayeviuza kama dawa ya tatizo zima hajafanya hesabu.

Pamba ndiyo inayoniliza. Inalimwa Lamu, upande wa Mpeketoni, inalimwa Kwale, na hutegemea mvua, tofauti na ile iliyoikausha Bahari ya Aral baada ya mito yake kugeuzwa kwenda mashambani tangu miaka ya 1960. Inatoka hapa ikiwa pamba, na tunainunua ikirudi kuwa kitambaa cha watu wengine. Hata leso zetu, zenye majina yetu na mafumbo yetu, nyingi huchapishwa India. Watu hudhani pamba haiwezi kushindana na hariri kwa mng'ao. Inaweza. Mwingereza John Mercer aligundua mwaka 1844 kwamba pamba ikitiwa katika kostiki soda uzi wake huvimba na kuwa mviringo. Mwaka 1890 mwenzake Horace Lowe akaongeza jambo moja, kuivuta isinywee wakati inalowa, na pamba ikang'aa. Juu ya hayo, mng'ao mwingi hautoki kwenye uzi bali kwenye ufumaji: ukiuacha uzi mmoja upite juu ya nyingi kabla haujazama, mwanga unapata uso wa kutelezea. Huo ndio ufumaji wa atilasi. Atilasi ya pamba ipo, inauzwa, na mara nyingi Biashara Street imewekwa kwenye kabati la mashuka.

Na hapa naweka msimamo wangu wazi. Kwa Mombasa, pamba laini iliyofumwa kwa ufundi ni mbadala bora wa hariri kuliko karibu kila jina jipya tunaloletewa. Sababu ni dobi, yaani sisi wenyewe. Hapa nguo hufuliwa kwa mkono, hupigwa, hukamuliwa, na majumba mengi ya Mji wa Kale hutumia maji ya kisima yenye chumvi ambayo hayatoi povu mpaka usugue mara mbili. Viskosi ikilowa hupoteza karibu nusu ya nguvu zake. Ukiikamua kwa hasira umeichana. Hariri hudhoofishwa na jasho na jua, na dawa ya kung'arishia nguo nyeupe huiyeyusha kabisa. Layoseli huvumilia zaidi. Pamba ikilowa huongezeka nguvu. Nguo isiyoweza kuhimili beseni letu haitadumu, na nguo isiyodumu si rafiki wa mazingira hata ikitoka kwenye ua la peponi.

Nataka jambo moja kutoka kwa wenye maduka, na jambo hilo hilo kutoka kwa Shirika la Viwango la Kenya: kila robota na kila kitambaa kilichokatwa kiandikwe kwa Kiswahili kimetokana na nini. Pamba. Reyoni ya mti. Poliesta. Anayetaka poliesta kwa bei yake aichukue, ni haki yake, mifuko haifanani. Lakini shilingi 1,200 kwa mita ni mshahara wa siku mbili wa mtu, na haifai itoke kwa jina lisilokuwa na mwenyewe. Na washonaji vijana nawaomba wakae na wazee kama Ami wajifunze majina yale kabla hayajazikwa nao, kwa sababu fundi anayejua melimeli kwa kidole hahitaji lebo.

Kile kitambaa cha zambarau nilikirudisha. Mwenye duka alitazama lile tone jeusi nililomfungia kwenye karatasi, akanyamaza kidogo, akaniruhusu nichague kingine. Mpwa wangu alichagua atilasi ya pamba, zambarau nyeusi zaidi, isiyopiga kelele. Ami alikuwa ameagiza nichukue mita kumi na tatu wala si kumi na mbili, na niiloweke usiku kucha kabla hajaikata. Niliiweka kwenye beseni kubwa uani. Asubuhi maji yalikuwa mekundu kama rozela, na nilipoianua na kuipima kwa mkono kitambaa kilikuwa kimepungua shubiri mbili na nusu. Bado zilitosha nguo zote, na kikabaki kipande cha kilemba cha mtoto.